Pumzi ya shakuhachi: njia tano, na ipi ya kuanza nayo

Shakuhachi, filimbi ya mwanzi ya Kijapani, ina matundu matano tu, manne mbele na moja nyuma la kidole gumba. Vidole huyazoea upesi. Kazi kubwa inayobaki ni pumzi, na hapo ndipo mtu anayejifunza kwa video huchanganyikiwa, maana kila mwalimu anamwambia lake. Mmoja anataka sauti moja ndefu mpaka hewa iishe. Wa pili anataka tumbo lidunde sauti ikiendelea. Wa tatu anaagiza tumbo libaki limejaa hata unapotoa hewa. Wa nne analipua hewa kwa kishindo. Wa tano hakatiki kabisa: anavuta hewa puani huku mashavu yakisukuma ile ya akiba.

Wote watano wanafundisha mbinu halisi. Nimeziweka hapa bega kwa bega, na msimamo wangu nautanguliza. Anza na Ro ndefu, ile sauti ya chini kuliko zote, inayobebwa na tumbo. Ikishakaa, chagua kati ya komibuki (tumbo linalodunda) na missoku (tumbo linalobaki limejaa) kulingana na muziki unaoutaka. Muraiki, ule mlipuko, ije baadaye. Pumzi ya mzunguko ningeiweka mwisho kabisa, na sababu kubwa inatoka kwenye muziki wenyewe.

Midomo kwanza

Shakuhachi haina kipande kinachotetema kama zumari, wala haina njia ya hewa iliyochongwa tayari kama filimbi za plastiki za shuleni. Ncha yake ya juu imekatwa mshazari. Hewa inatoka katikati ya midomo yako, inaugonga ukingo huo, inagawanyika, na sauti inazaliwa. Njia ya hewa ni midomo yenyewe. Sauti za chini, ziitwazo otsu, zinataka hewa ya kasi ndogo. Za juu, kan, zinataka kasi kubwa zaidi, na kasi hiyo hupatikana zaidi kwa kupunguza uwazi wa midomo kuliko kwa kujikamua.

Anayeanza akiishiwa hewa baada ya sekunde chache hudhani mapafu yake ni madogo. Mara nyingi mapafu hayana kosa lolote. Uwazi wa midomo ni mpana mno, na sehemu kubwa ya hewa inapita bila kuugusa ukingo. Weka kiganja mbele ya mdomo unapopuliza: ukihisi upepo uliotawanyika, punguza uwazi wa katikati na uache pembe za midomo zitulie. Hakuna mbinu ya pumzi itakayokufaa kabla uvujaji huo haujazibwa.

Urefu wa chombo nao una lake. Shakuhachi ya kawaida ni shaku 1.8, yaani takriban sentimita 54.5. Ile ya shaku 2.4 inakaribia sentimita 73, na inakula hewa zaidi. Sauti yake nzito inavutia sana, lakini mwenye kutaka kujenga pumzi aanze na 1.8. Kama huna mwanzi, bomba la plastiki la robo tatu ya inchi linatosha kwa mazoezi haya yote, mradi ukingo wa kupulizia umekatwa na kulainishwa vizuri.

Kisha kuna muziki. Vipande vya kale vya shakuhachi, honkyoku, vilitunzwa na komuso, watawa wa madhehebu ya Fuke waliopita barabarani wamefunika kichwa kwa kikapu wakipuliza mianzi yao, mpaka serikali ilipoyafuta madhehebu hayo mwaka 1871. Kwao kupuliza kulikuwa ibada, namna ya kukaa katika Zen, taamuli ya Kibudha. Katika honkyoku, kirai kimoja cha muziki ni pumzi moja. Sauti inaanza, inageuka, inafifia, kisha kunafuata kimya, na kimya hicho ni sehemu ya kipande. Hakuna ngoma inayohesabu mapigo. Urefu wa pumzi ya mpigaji ndio kipimo. Ndiyo maana kuchagua mbinu ya pumzi hapa kuna uzito kuliko kwenye ala nyingine nyingi za kupuliza. Ukibadilisha pumzi, umbo la muziki nalo linabadilika.

Ro ndefu

Ro ni sauti ya matundu yote yakiwa yamezibwa, ya chini kuliko zote. Kwenye shakuhachi ya 1.8 iko karibu na D. Zoezi lake huitwa robuki, na ukilisikia likielezwa unaweza kulidharau: unavuta hewa, unapuliza Ro mpaka pumzi iishe, unapumzika, unarudia. Walimu wengi huagiza dakika 10 za Ro kila siku kabla ya kitu kingine chochote, na hawaliondoi hata mwanafunzi akishakuwa stadi.

Linafanyika hivi. Kaa ukingoni mwa kiti au piga magoti kwa mtindo wa Kijapani, mgongo wima pasipo kukakamaa. Vuta hewa kwa utulivu, ukiacha tumbo la chini na mbavu za pembeni vitanuke, mabega yasipande. Ukianza kupuliza, tumbo lirudi ndani polepole, likiizuia hewa isitoke yote kwa mpigo. Koo libaki wazi. Sikiliza mwanzo wa sauti, je, unaingia safi au unatanguliwa na mfoko wa hewa? Sikiliza katikati, je, inapanda na kushuka? Kisha sikiliza mwisho kwa makini zaidi, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoachia. Hewa ikipungua, sauti huelekea kushuka. Unaizuia kwa kuendelea kupunguza uwazi wa midomo kadiri hewa inavyopungua, hadi sauti iishe ikiwa bado ni Ro.

Ndani ya zoezi hilo hilo kuna maumbo ya kuchagua. Sauti inaweza kunyooka sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Inaweza kuanza na nguvu kisha ikachongoka mpaka ikatoweka, kama kabari. Hiyo ni kusabibuki. Au ianze nyembamba, ivimbe katikati, ikonde tena mwishoni, kwa umbo la jani la mwanzi, nayo ni sasabuki. Ningependa mwanafunzi ainyooshe kwanza kabla ya kugusa hizo mbili. Iliyonyooka haikuachii pa kujificha. Ile ya jani ni nzuri mno, na kwa uzuri wake inafunika udhaifu wa mwanzo na wa mwisho.

Faida ya Ro ndefu ni kwamba inajenga vitu vitatu kwa pamoja: midomo, tumbo na sikio. Gharama yake ni uchovu wa moyo. Siku nyingi hutasikia tofauti yoyote. Na kuna kizunguzungu: ukipuliza kwa nguvu kwa muda mrefu unatoa kaboni dayoksaidi kuliko mwili unavyotarajia, kichwa kinakuwa chepesi. Ukihisi hivyo weka filimbi chini, pumua kawaida, endelea baadaye. Kujilazimisha hakuongezi pumzi.

Ro iliyonyooka au komibuki?

Kaskazini kabisa ya kisiwa cha Honshu, katika mji wa Hirosaki, samurai wa himaya ya Tsugaru walikuza shule yao ya shakuhachi, Nezasa-ha ya Kinpu. Alama yake ni komibuki. Sauti haikatiki, ila inasukumwa kutoka tumbo la chini kwa misukumo laini inayofuatana, hivyo kila noti inasikika ikipanda na kutulia, kupanda na kutulia, mpaka pumzi iishe. Jin Nyodo (1891–1966), mzaliwa wa Hirosaki, alisaidia sana kuifikisha mbinu hiyo kwa wapigaji wa sehemu nyingine za Japani.

Ukiziweka pamoja tofauti inaonekana. Kwenye Ro iliyonyooka tumbo linafanya kazi moja ya kuzuia, na kosa linaweza kukaa muda mrefu bila kujulikana, hasa kwa mtu anayebana koo bila kujua. Komibuki inamfichua mara moja. Msukumo ukitoka kooni, sauti hukatika vipande na unasikia kama mtu anakohoa taratibu. Ukitoka tumboni, uzi wa sauti unabaki mzima. Kwa hiyo hata asiyenuia kupiga muziki wa Kinpu anaweza kuitumia kama kipimo: mara chache mwishoni mwa mazoezi ya Ro, weka kiganja chini ya kitovu, sukuma polepole, sikiliza kama uzi umekatika.

Lakini kuifanya kuwa msingi ni jambo jingine. Misukumo ikishakuwa mazoea hujitokeza bila kuitwa, na ukienda kwa mwalimu wa shule ya Kinko au Tozan atakutaka kwanza uiondoe. Mtetemo wa sauti unaosikika kwenye shule hizo, yuri, hutengenezwa zaidi kwa kichwa. Kidevu kinasogea, pembe ya hewa inabadilika, sauti inayumba. Wapigaji wa Kijapani wana msemo kwamba kutikisa shingo ni miaka mitatu, na koro, ile mbinu ya vidole inayotoa mlio wa kubiringika, ni minane. Shingo inahitaji pumzi iliyotulia chini yake. Pumzi ikidunda na shingo ikiyumba, sauti inavurugika.

Kwa hiyo komibuki ndiyo chaguo sahihi kwa anayeipenda sauti ya Tsugaru na amepata wa kumfundisha. Mwingine aitumie kujipima tu.

Tumbo la kawaida au missoku?

Hapa ndipo pana mjadala mkali zaidi, na ningependa tuupe nafasi yake.

Katika pumzi ya tumbo niliyoieleza, tumbo linatoka ukivuta hewa na kuingia ukiitoa. Nakamura Akikazu, mpigaji wa shakuhachi na mtunzi, amefundisha njia nyingine anayoiita missoku. Nyonga zinalazwa kidogo kwa nyuma, tumbo la chini linabaki limejaa wakati wa kuvuta na wakati wa kutoa, na kifua hakipandi. Kinachosogea ni diaframu, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Hewa inaingia kwa haraka, nyingi, bila sauti. Yeye huiunganisha na namna Wajapani wa zamani walivyokaa, walivyovaa na walivyofanya kazi. Hoja hiyo ya historia ina wanaoipokea na wanaoitilia shaka. Mbinu yenyewe inaweza kupimwa kwa masikio.

Ubora wake unaonekana kwenye kimya kati ya pumzi mbili. Mtu wa pumzi ya tumbo akivuta hewa kwa haraka, mara nyingi kifua kinainuka, kichwa kinafuata, na ukingo wa filimbi unahama kidogo kwenye kidevu. Hata milimita chache zinatosha kuharibu mwanzo wa sauti inayofuata. Tena uvutaji wenyewe unasikika, na katika honkyoku kelele hiyo inaanguka mahali ambapo msikilizaji alipaswa kusikia kimya. Kwa missoku mwili haujongei. Filimbi inabaki pale pale, na mpigaji anaamua urefu wa kimya kwa sababu za muziki, bila kusukumwa na njaa ya hewa. Nikisikiliza wanaoimudu, hicho ndicho kinachonivuta: kimya chao kina utulivu ambao huwezi kuuigiza.

Gharama yake ni kwamba ni vigumu kujifunza peke yako. Maneno "tumbo libaki limejaa" yanamfanya mtu akakamaze misuli ya mbele, na diaframu ikinyimwa nafasi hewa inakuwa kidogo kuliko mwanzo. Kipimo ninachokitumia ni rahisi. Ukiwa katika mkao huo, ongea sentensi ndefu kwa sauti ya kawaida. Sauti ikitoka imebanwa, unajikaza, na hiyo si missoku. Mkao wa nyonga nao unataka tahadhari kwa mwenye maumivu ya kiuno, kwa sababu kulaza nyonga nyuma kwa muda mrefu kunabadilisha mzigo unaobebwa na mgongo wa chini.

Pumzi ya tumbo ina faida yake pia: karibu kila mwalimu wa uimbaji au wa ala za kupuliza anaweza kukusahihisha, popote ulipo. Mwalimu wa kwaya wa Dodoma asiyewahi kuiona shakuhachi ataona mabega yako yakipanda na kukuambia. Kwa missoku unahitaji mtu aliyeifanya.

Ningeshauri hivi: miezi ya mwanzo yote iwe ya tumbo. Ukifika mahali ambapo Ro yako imenyooka lakini mwanzo wa kila pumzi mpya unakuja tofauti na uliotangulia, hapo una tatizo ambalo missoku inalijibu, na utaielewa kwa sababu utakuwa unajua inatibu nini.

Muraiki

Muraiki ni mlipuko. Hewa nyingi inaachiwa kwa ghafla, uwazi wa midomo ukipanuka, na sauti inatoka imechanganyika na upepo mkali. Watazumi Doso (aliyefariki 1992), ambaye mazoezi ya fimbo na ya pumzi yalikuwa kwake kitu kimoja na kupiga mwanzi, alikuwa na nguvu ya ajabu katika eneo hili. Mwanafunzi wake Yokoyama Katsuya (1934–2010), aliyepiga na okestra ya New York Philharmonic mwaka 1967, aliifikisha sauti hiyo kwa wasikilizaji wengi nje ya Japani.

Ni mapambo, tena ya kutumiwa kwa uchache. Inamaliza hewa kwa haraka sana, na mwenye midomo isiyokomaa hawezi kurudi kwenye sauti safi baada yake. Kipimo cha kama uko tayari ni hicho tu: lipua, kisha ndani ya pumzi hiyo hiyo rudi kwenye Ro iliyonyooka. Ukishindwa, bado.

Pumzi ya mzunguko

Msomaji wa pwani ameiona mbinu hii, pengine bila kuijua kwa jina. Mpiga zumari wa Lamu au Tanga anapiga muda mrefu bila kunyamaza, mashavu yamejaa: yanasukuma hewa ya akiba huku pua ikivuta mpya. Kwa hiyo mtu aliyekulia kwenye ngoma za namna hiyo huuliza kwa haki kabisa kwa nini asiihamishie shakuhachi.

Jibu la kwanza ni la ufundi. Kwenye zumari kipande kinachotetema kiko kizima ndani ya kinywa, na midomo inaegemea kisahani. Hewa inayopita ni kidogo na kizuizi ni kikubwa, hivyo akiba ya mashavu inatosha mpaka pua imalize kazi. Kwenye shakuhachi hakuna kizuizi cha namna hiyo. Hewa inatoka nyingi, akiba inaisha upesi, na mashavu yakivimba yanavuta midomo ambayo ndiyo njia ya hewa. Sauti inayumba kila mara unapobadilisha kutoka mapafu kwenda mashavu. Inawezekana, na Nakamura mwenyewe ni mmoja wa wanaoimudu, lakini ni kazi ngumu zaidi ya ile ya zumari.

Jibu la pili ndilo zito. Muziki wa zumari unabeba ngoma na wachezaji. Ukikatika, uwanja unapoa. Honkyoku imejengwa juu ya kukatika. Ukiondoa mwisho wa pumzi umeondoa kufifia na umeondoa kimya, na kinachobaki ni noti zilizofuatana. Katika muziki mpya uliotungwa ukihitaji sauti isiyokoma, mbinu hii ina mahali pake halali. Anayetaka vipande vya komuso asiitafute.

Kwa hali yako

Ikiwa bado sauti inakuja na kupotea, acha habari zote za pumzi na ushughulikie midomo. Dakika chache mara kadhaa kwa siku zinafaa kuliko saa nzima ya kukasirika.

Ikiwa umetoka kwenye filimbi ya chuma ya Kizungu, tayari una tumbo zuri. Kwako kazi ni kuacha mambo mawili: mtetemo wa pumzi unaojitokeza wenyewe, na ulimi. Kwenye honkyoku noti zinazorudiwa hutenganishwa kwa kugonga vidole kwenye matundu. Ulimi haugusi hewa.

Ikiwa unachotafuta ni taamuli, Ro ndefu iliyonyooka inatosha peke yake, na hakuna haja ya kuharakia kitu kingine. Watu wamekaa nayo maisha yao yote.

Mwenye pumu, shinikizo la juu la damu au ngiri, na aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, azungumze na daktari kabla ya komibuki na hasa kabla ya muraiki. Hizo mbili zinaongeza msukumo ndani ya tumbo kuliko Ro ya polepole.

Unayesoma kwa mtandao, kagua programu ya mkutano wa video kabla ya somo. Nyingi huchuja kelele, na Ro iliyonyooka huihesabu kuwa kelele: mwalimu anasikia mwanzo, kisha sauti inamezwa, naye anadhani umeishiwa hewa. Zima kichujio hicho. Kama hakizimiki, rekodi Ro zako kwa simu, ukiiweka kando ya mkondo wa hewa, na umtumie faili.

Na ukishapata mwalimu wa shule fulani, Kinko, Tozan, Myoan au Kinpu, fuata pumzi ya shule hiyo kwa muda wa kutosha kabla ya kuichanganya na nyingine, hata kama niliyoyaandika hapa yanapingana na anachokuagiza. Yeye anakuona ukipuliza.